Nimepata kazi Goma, niende?

Tangu niliposema kwenye toleo lililopita kwamba niliwahi kuishi Goma, barua zenu hazijakoma. Nimechagua chache zinazofanana na nyingine nyingi. Kwa wasionifahamu: mimi ni mzaliwa wa Ujiji, mhasibu kwa taaluma, na nilikuwa msimamizi wa ofisi ya shirika moja la maji na usafi mashariki mwa Kongo mpaka mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025. Sikutibu majeruhi wala sikuandika habari za vita. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu pesa, kusoma mikataba na kupanga nani anapanda gari gani kwenda wapi, na majibu yangu yanatoka humo.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, nina miaka 31 na mtoto mmoja wa miaka sita. Shirika la misaada limenipa kazi, kituo ni Goma, na mshahara ni zaidi ya mara tatu ya ninaoupata sasa. Mama anasema nimeuza roho yangu kwa dola. Mume wangu amenyamaza tu. Nisome nini kwenye mkataba kabla sijasaini? — Muuguzi, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Kwenda au kutokwenda ni lako na mumeo, na kunyamaza kwake usikuchukue kama ruhusa. Mkataba ndio ninaouweza.

Anza na kurasa za nyuma. Watu wote husoma ukurasa wa mshahara, wakifika kwenye bima wanapiga sahihi. Bima nyingi za maisha za kawaida zina kifungu kinachosema kifo au ulemavu uliotokana na vita haulipwi. Kwa hiyo usiridhike na barua ya afisa utumishi inayosema "umekatiwa bima". Omba nakala ya bima yenyewe, tafuta neno vita, soma sentensi inayofuata. Kisha andika barua pepe uulize: nikiumia, nani ananiondoa, kwa njia gani, na ananipeleka hospitali ipi? Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa vita vilipoingia mjini, na tangu hapo mgonjwa huvushwa mpaka kwa gari hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, ndipo safari ya Kigali ianze. Wakikujibu kwamba ndege itakufuata Goma, ujue wamenakili mkataba wa zamani na hakuna aliyeusoma.

Fomu ya warithi ijaze wewe mwenyewe, majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, asilimia ziandikwe. Nimeona fomu zimeachwa na mstari mmoja tu, "familia". Familia gani? Ya mume au ya kwenu? Nakala moja mwachie mama yako, kwa sababu iliyo kwenye droo ya ofisi Goma haitamsaidia mtu siku hiyo.

Uliza pia likizo ya kupumzika: ni kila baada ya wiki ngapi, nauli ni ya nani, na je, inakatwa kwenye likizo ya mwaka? Hapo usione haya kubishana.

Sasa nije kwenye swali ambalo sijaona mtu akiliuliza, nami ndilo ninaloliweka mbele ya yote. Uliza hivi: siku wageni wakiondolewa kwa sababu ya vita, wenzako Wakongomani wanapata nini?

Nikueleze ilivyokuwa. Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2025, mji mdogo wa Sake ulikuwa umeshaanguka mikononi mwa M23, kilomita kama 25 tu kutoka kwetu, na habari zilikuwa zimeenea kwamba gavana wa mkoa, Jenerali Peter Cirimwami, amefariki kwa majeraha aliyoyapata mstari wa mbele. Mimi nilikuwa ofisini, kasiki iko wazi, nalipa wenyeji mishahara ya miezi ya mbele kwa taslimu. Tulijua benki zikifunga hazitafungua karibuni, na kweli zikafungwa kwa miezi. Foleni ilifika mpaka kwenye ngazi. Kila mtu akipokea noti zake anazinyanyua dirishani, anazikagua moja moja kwenye mwanga. Kule dola ikiwa na mchaniko mdogo kama ukucha, au alama ya kalamu, hakuna anayeipokea, si muuza unga wala kambisti anayebadilisha pesa barabarani. Dereva wetu mmoja alinirudishia noti ya mia yenye kidoa cha wino pembeni. Vioo vinatikisika kwa mizinga, naye anasema taratibu, "Mama, hii hapana." Nikambadilishia. Kidoa kile kilikuwa chakula cha nyumba yake cha mwezi.

Jumamosi sisi wageni tukavuka. Orodha zilikuwa mbili, ya wageni na ya wenyeji, na aliyetufungulia geti alikuwa kwenye ile ya pili. Mpishi wetu aliniomba mtungi wangu wa gesi na ndoo za maji, nikampa vyote, na vilimfaa, maana mapigano yalipoingia mjini Jumatatu, umeme na maji vilikatika, watu wakaenda kuchota Ziwa Kivu. Hakuna aliyenitukana. Mkataba ndivyo ulivyo, kila mtu aliujua tangu mwanzo. Lakini kujua hakukufanyi uweze kumwangalia mtu usoni ukiwa na begi mgongoni.

Siyo kwamba mashirika hayawezi kufanya lolote. Yanaweza kulipa mapema. Yanaweza kuhifadhi familia za walinzi ndani ya ua wa ofisi. Yanaweza kuendelea kulipa mtu hata kama ofisi imeporwa, na maghala mengi yaliporwa wiki ile. Shirika lililojipanga lina majibu haya kwenye karatasi. Lisilo na jibu, mimi nisingelifanyia kazi hata kwa mshahara mara kumi, maana linavyowatendea wale ndivyo litakavyokutendea wewe ukishakuwa mzigo.

Na wewe ni wa chumba cha upasuaji, kwa hiyo kuna swali la ziada. Madaktari na wauguzi mara nyingi ndio wanaobaki wengine wakiondoka. Hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ilipokea majeruhi kwa mamia siku zile, na timu haikuondoka. Uliza mapema: nikiombwa kubaki, naweza kukataa bila kupoteza kazi? Jiulize na wewe pia, ukiwa Dodoma, umeshiba na umelala vizuri.

Kuhusu mtoto: atabaki na bibi yake, Goma si kituo cha kwenda na familia. Saa za Goma ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, basi ukitaka umkute kabla hajalala, piga simu saa moja jioni ya Goma. Usimwahidi simu ya kila siku. Mkubaliane watu wazima kwamba mtandao ukikatika siku mbili si msiba, na kwamba ofisi ina namba ya mtu mmoja tu wa kumpigia kukiwa na jambo. Mtu huyo asiwe mama yako, kwa jinsi ulivyonieleza.

*Shangazi shikamoo. Nimeendesha watalii Serengeti na Ngorongoro kwa miaka mingi, Landikruza naijua hadi kwenye nati. Kuna wakala anasema anaweza kunitafutia kazi ya udereva Kongo kwa mashirika ya kimataifa. Barabara za huko zikoje? — Dereva, Arusha*

Marahaba. Wakala huyo akitaka hela kabla, mwache. Mashirika huajiri madereva wenyeji, na ni haki yao: wanajua kijiji kipi kimebadilika mikono jana usiku, na ajira ni yao. Mtu wa nje anaweza kupata kazi ya kusimamia magari au gereji, na nafasi hizo hutangazwa wazi, huombwa bure.

Ukizipata, kuna mazoea ya utalii itabidi uyaache. Kwanza utaendesha mkono wa kulia wa barabara. Kutoka njiani ili upite tope, hapana, maana pembeni panaweza kuwa na bomu ambalo halijalipuka. Kusimama ili mgeni apige picha, hapana kabisa. Dereva wa Goma haondoki getini kabla hajaliambia chumba cha redio: gari namba fulani, watu wangapi, tunakwenda wapi. Akifika anasema amefika, akichelewa anatafutwa. Redio ya upepo inaudhi, inakatiza maongezi, lakini ndiyo inayojulisha watu kwamba hujaonekana. Tangi halishuki chini ya nusu. Gari hulala pua ikielekea getini.

Vizuizi vya barabarani, wenyewe husema bariyeri, vingi havina hata ubao. Ni kamba iliyofungwa vitambaa kutoka mti hadi mti, kijana ana bunduki, na mtu mzima amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Nilisafiri mara nyingi na dereva mmoja Mnande, mtu wa Butembo, mpole kama imamu. Akikaribia anapunguza mwendo mbali, anavua miwani, anashusha kioo, mikono yote juu ya usukani. Ikiwa giza limeingia anazima taa kubwa, anawasha ya ndani ili sote tuonekane. Salamu yake ya kwanza ilikuwa kwa yule wa kwenye kiti. Yule kijana mwenye bunduki alimsalimu wa pili. "Mkubwa hashiki bunduki mwenyewe," aliniambia, na mara zote alikuwa sahihi. Akiulizwa karatasi anatoa. Akiombwa lifti na mwanajeshi, anaonyesha kibandiko cha mlangoni cha bunduki iliyopigwa mstari mwekundu, anasema bosi atamfukuza kazi, anaiita redio kwa sauti ili kila mtu asikie. Sijawahi kumwona akibishana, wala akitoa sigara. Alisema ukitoa leo, kesho wanaijua gari yako.

Barabara ikishindikana watu wanahamia ziwani, na ziwa lina yake. Mwaka 2024, barabara ya kati ya Goma na mji wa Minova ilipokatwa na vita, abiria na mizigo vilijazana kwenye maboti, na tarehe 3 Oktoba meli ya Merdi ilizama ikiwa imeshakaribia bandari ya Kituku, makumi ya watu wakafa. Bila jaketi la kuokolea usipande, hata kama boti ni ya bure na bosi ameshakaa.

*Mama, mume wangu yuko Goma mwaka wa pili sasa, ni mtaalamu wa jenereta. Akija likizo analala koridoni. Pikipiki ikipiga mlio anaruka. Nikimuuliza aliona nini huko anasema hakuna kitu, anatoka nje. Nimemkosea nini? — Mke, Mwanza*

Mdogo wangu, hujamkosea kitu. Korido nakuelezea. Goma, milio ikianza, tunaambiwa tuweke kuta mbili kati yetu na barabara, mbali na madirisha. Wengi wanaojeruhiwa ndani ya nyumba hujeruhiwa na vioo na risasi za kupotea. Korido ndiyo yenye kuta mbili. Ukilala hapo usiku mwingi mwili unajifunza, na haujui kwamba umeshafika Mwanza. Mtandikie godoro hapo hapo, zuri, na shuka safi, wala usimtanie mbele ya watoto. Wengi hurudi kitandani wenyewe.

Siku za mwanzo za likizo usimwitie ndugu. Najua shemeji na wajomba wanataka kumwona, na wengine wana shida za ada. Waje wiki ya pili. Na usimuulize aliona nini. Muulize wanakula nini, nani anapika, mlinzi wa zamu anaitwa nani, jenereta gani inamsumbua. Fundi jenereta Goma ana maneno ya usiku kucha, kwa jinsi umeme ulivyo. Humo katikati atakwambia mengine bila wewe kuyavuta.

Ukiona mwezi umepita hajalala, au pombe imeingia, au mkono unanyanyuka, hapo si suala la godoro tena. Mkono ukinyanyuka, wewe na watoto muende kwa ndugu kwanza. Hospitali ya Bugando hapo hapo Mwanza ina huduma ya afya ya akili. Pia aulize kazini kwake: mashirika mengi yanalipia mshauri wa kuzungumza naye kwa simu, kwa siri, na watu hawaulizi kwa sababu wanaogopa mkataba hautaongezwa. Mimi niliyekuwa nasaini hizo karatasi nakwambia, bili ya mshauri ilinifikia bila jina.

*Mtanzania anaonwaje kule? Kiswahili si kinatusaidia? — Msomaji, Tanga*

Kinasaidia sokoni, kwa majirani na hospitalini, kuliko Kifaransa cha darasani. Ila ukifungua mdomo tu wanajua umetoka Tanzania, na hilo lina siku zake. Askari wetu walikuwa kwenye kikosi cha SADC kilichoingia Desemba 2023 kupigana upande wa serikali, na SADC ilikifunga Machi 2025. Katikati hapo Mtanzania wa kiraia aliulizwa mara kwa mara kama ni wa jeshi. Jibu fupi: nafanya kazi ya maji, kitambulisho hiki. Habari za nani ana haki kwenye vita vya huko Kivu usizitolee hukumu, hata kwa rafiki, hata kwenye bia. Na simu yako isiwe na picha ya mtu yeyote mwenye sare, wala makundi ya kusambaza video za vita. Simu hukaguliwa.

*Shangazi, mimi nimeshasaini. Ni mhandisi wa maji, naondoka mwezi ujao kupitia Kigali. Nibebe nini? Naweza kupeleka dagaa? — Mhandisi, Kigoma*

Mtu wa nyumbani huyo! Kigali utatua kwa ndege, basi ni kituo cha Nyabugogo, utapita Musanze, na zaidi ya saa tatu utakuwa Gisenyi. Mpaka unaonekana kwa macho, Goma iko ng'ambo ya barabara. Kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, usiizike begini. Masharti ya viza na saa za kufunga mpaka mwulize mwajiri wiki hiyo hiyo ya safari, yanabadilika.

Dola beba mpya, zilizonyooka, ziweke ndani ya daftari gumu. Zile za zamani, zenye picha ya kichwa kidogo, rudisha benki. Beba noti ndogo nyingi, lakini za dola moja hazipendwi. Beba sweta zito, mji uko juu mita kama 1,500 na usiku unauma. Dawa zako za miezi mitatu, miwani ya akiba, tochi ya kichwani. Laini ya Rwanda nunua Gisenyi na uiweke chaji: mtandao wa Goma ukizimwa, ile ya ng'ambo hushika maeneo ya karibu na mpaka. Mkoba wa dharura uwe mdogo kiasi cha kukimbia nao: pasipoti, pesa, dawa, chaja, chupa ya maji, soksi. Hapo wahandisi huwa wanaongeza kompyuta ya pili. Iache.

Utaambiwa habari za volkano Nyiragongo, na utadhani wanakutisha. Ililipuka 2002 na 2021, na unajenga kwenye lava yake. Kwa mhandisi jambo la karibu zaidi ni mazuku, hewa ukaa inayotoka ardhini na kukaa kwenye mashimo na mabonde, hasa kando ya ziwa. Haina rangi. Kabla hujashuka kwenye shimo la bomba, muulize mwenyeji, na ukiona mijusi na ndege wamekufa humo, usishuke.

Dagaa peleka. Lakini usiwafunge kwenye mifuko ya plastiki, Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008 na wanainyang'anya uwanja wa ndege. Wafunge kwenye karatasi, halafu kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, vinginevyo abiria wote watakujua. Ila ukifika sokoni Virunga utawakuta sambaza wa Ziwa Kivu, wanakaangwa hapo hapo na pilipili. Hao ni ukoo wa dagaa wetu: walichukuliwa Tanganyika wakapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kilo mbili za Kigoma zinakutosha, moja ya kula na moja ya kumpa mlinzi wa geti.